Wasomi wa Magereza Wamsikilize Mfungwa

Mwanachuo asomaye habari za magereza yampasa amsikilize nani? Mji wa Philadelphia, Marekani, umekwisha kutoa majibu mawili.

La kwanza lilitolewa mwaka 1829, lilipofunguliwa gereza la Eastern State. Waliolibuni walikuwa watu wa elimu na wacha Mungu. Waliamini kwamba mfungwa akitengwa peke yake chumbani, pamoja na Biblia na kazi ya mikono, atatubu. Mwaka 1842 Charles Dickens alizungumza na wafungwa hao, akaandika kwamba upweke ule ulikuwa mateso ya akili, mabaya kuliko mateso ya mwili. Hata hivyo, serikali kadhaa za Ulaya ziliuiga mpango huo.

Jibu la pili lilianza mwaka 1997. Mwalimu Lori Pompa wa Chuo Kikuu cha Temple aliwaingiza wanafunzi wake gerezani, wakaketi duara moja na wafungwa na kusoma pamoja nao. Mfungwa mmoja ndiye aliyempa wazo hilo.

Sisi twaliunga mkono jibu hili la pili. Hatusemi kosa lisiadhibiwe. Aliyedhulumiwa naye ana haki yake. Lakini wafungwa walio wengi watatoka siku moja, warudi viwandani, mashambani na mitaani mwetu. Hali watakayorudi nayo ni jambo letu sote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi wasomi na wamwulize aliyekilalia, kabla ya kuwashauri wakuu wajenge gereza jingine.