Kijiko cha Mtumba: Umri Wake Uko Kwenye Pini

Je, wajua kwamba ile mashine ya njano inayochimba misingi ya nyumba na mitaro ya mabomba ya maji huwa haitegemei matairi yake ya nyuma inapochimba? Opereta hugeuza kiti kutazama nyuma, akashusha miguu miwili ya chuma mpaka matako ya mashine yanyanyuke, kisha akakandamiza baketi ya mbele chini. Bila hivyo, mashine hiyo ya tani 8 hivi ingevutwa kuelekea shimoni kila meno yanapokwama kwenye mwamba.

Tanzania tunaiita kijiko. Kenya na Uganda wengi huiita JCB, hata ikiwa imeundwa na Case au Caterpillar. Hizo ni herufi za jina la Joseph Cyril Bamford, fundi wa Uttoxeter, Uingereza, aliyeanza mwaka 1945 kwa kuunda tela la kubinuka ndani ya gereji ya kukodi. Mwaka 1953 kampuni yake ilitoa mashine yenye baketi ya kuzolea mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Wamarekani nao walikuwa kwenye njia hiyohiyo: Case walitoa yao, iliyoungwa nzima kiwandani, mwaka 1957.

Nguvu ya kijiko inashangaza ukiifikiria. Injini yake ni ya farasi 70 hadi 100 tu, nguvu ambayo gari dogo la kawaida linayo, lakini mkono wake hung'oa kisiki cha mwembe. Siri ni mafuta ya haidroliki. Pampu huyasukuma kwa msukumo wa baa 200 na zaidi, yaani kama mara 100 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Msukumo huo ukiingia kwenye jeki yenye pistoni ya kipenyo cha sentimita 10, unazaa nguvu ya tani 16 hivi. Kwa nguvu hiyo, mkono wa kawaida hushuka chini zaidi ya mita 4 na kurudi umejaa udongo.

Msukumo huohuo unaua. Mpira wa haidroliki ukitoboka kitundu kidogo kama cha sindano, mafuta hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo, halitoi damu nyingi, na mtu huendelea na kazi. Kumbe ndani nyama inaoza. Huyo ni mgonjwa wa kupasuliwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo anayetafuta panapovuja atumie kipande cha boksi, asipapase kwa mkono kamwe.

Vijiko vingi vinavyouzwa huku vimeshafanya kazi kwingine, vikashushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, vikapigwa rangi vikang'aa. Rangi usiitazame, wala usiamini mita ya saa peke yake, maana mita hubadilishwa. Ikionyesha saa 3,000 huku pedali zimelika na kiti kimebonyea, pedali ndizo zinazosema kweli.

Nenda kwenye pini. Mwambie opereta anyooshe mkono wa nyuma, baketi ibaki kidogo juu ya ardhi, azime injini. Shika baketi uisukume kulia na kushoto, huku mwenzako akitazama shina la mkono, pale unapozungukia. Mchezo mdogo si ajabu kwa mashine iliyofanya kazi. Ukisikia inagonga na kuona pini inacheza wazi tundulini, jua haikuwa ikipigwa grisi. Bushi hubadilishwa kwa gharama ya kawaida, lakini tundu likishakuwa yai, itabidi lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya, na kazi hiyo inataka fundi mwenye mashine yake. Hapohapo kagua nyufa na alama za kuchomelea zilizofichwa chini ya rangi.

Kisha mkono unyanyuliwe juu, injini izimwe, nanyi msubiri dakika chache mkiwa mbali nao. Ukishuka wenyewe upesi, sili za jeki au vali zimechoka. Miguu nayo ijaribiwe vivyo hivyo, kwa sababu mguu unaozama kazini huinamisha mashine nzima.

Injini iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, wamekuwashia mapema ili usione inavyosumbua asubuhi. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha.

Je, ununue? Kijiko kina faida moja kubwa kuliko eskaveta ya minyororo: kinajiendesha barabarani chenyewe, bila kukodiwa lobedi ya kukibeba. Leo kinachimba bwawa la samaki, kesho kinapakia mchanga kijiji cha pili. Lakini mwenye shamba moja na lambo moja la kuchimba atafute cha kukodi kwa saa, itamtosha. Kununua kunamfaa mwenye kazi za mfululizo, opereta anayemwamini, na ndoo ya grisi isiyokauka, maana pini zinataka grisi kila siku ya kazi.

Na ukishakuwa nacho, usimruhusu kibarua ashuke kwenye mtaro wenye kina kirefu usiozuiwa kingo ili "anyooshe kidogo" kwa sepetu. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na haitoi taarifa inapoporomoka. Kinachobaki kunyooshwa kinyooshwe na kijiko chenyewe.