Babu ana miaka 80, apasuliwe mshipa wa shingo?

KATIKA familia nyingi, babu au bibi akilegea mkono ghafla, mdomo ukaenda upande, kisha akarudi katika hali yake baada ya dakika chache, husemwa ni upepo tu umempitia.

Kitabibu hicho ni kiharusi cha muda, na ni onyo kwamba kikubwa kinaweza kufuata.

Chanzo kimojawapo ni kuziba kwa karotidi, mishipa mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Mafuta hujijenga ndani yake, na kipande kikimeguka huziba njia ya damu mbele. Daktari bingwa anaweza kuufungua mshipa na kuusafisha.

Mzee atahimili kisu?

Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini, uliotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1991, awali uliwaacha nje wenye miaka 80 na zaidi.

Lakini uchambuzi wa mwaka 2004 katika jarida la Lancet uliwapa wazee matumaini. Kwa wagonjwa wenye dalili, ambao mshipa umeziba kwa nusu au zaidi, kupasua watu watano wa miaka 75 na kuendelea kulizuia kiharusi kimoja ndani ya miaka mitano. Kwa walio chini ya miaka 65, ilibidi wapasuliwe 18.

Hata hivyo, upasuaji wenyewe unaweza kuleta kiharusi, shambulio la moyo au kifo. Miongozo hutaka wanaopata kiharusi au kufa kutokana na upasuaji huo wasizidi sita kati ya wagonjwa 100 wenye dalili. Mzee mwenye moyo dhaifu, au ambaye hajawahi kupata dalili, huenda akafaa zaidi kubaki na dawa.

Siku 14 za mwanzo

Faida huwa kubwa zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya wiki mbili tangu dalili. Kwa mkazi wa Tabora huo ni mtihani. Njia ya misafara ya Ujiji hadi Bagamoyo, waliyoitembea wapagazi wa Kinyamwezi kwa miezi, leo ina treni na basi, lakini Dar es Salaam bado ni mbali.

Hivyo mzee afikishwe Hospitali ya Kitete siku hiyohiyo, apimwe shinikizo la damu na kupewa rufaa ikihitajika.

Familia iulize: mshipa umeziba kiasi gani? Timu hiyo imefanya upasuaji huu mara ngapi? Na mzee mwenyewe aulizwe anataka nini, kwani shingo ni yake.