Usaili wa Kazi kwa Kiswahili: Jinsi ya Kujitayarisha



Wengi wetu tutaiaga shule hii mwaka huu, na baada ya siku chache za kupumzika nyumbani tutaanza kutafuta kazi. Tumezoea kudhani kwamba mtihani wa mwisho ni ule tunaoufanya kwa kalamu. Sivyo. Uko mtihani mwingine usio na karatasi wala kengele, nao hufanywa katika chumba kidogo, mbele ya meza ya mtu tusiyemjua. Watanzania huuita usaili. Wakenya husema mahojiano ya kazi. Leo nataka kueleza jinsi ya kujitayarisha kwa usaili unaofanywa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wetu hapa Gisozi si lugha ya mama.

Labda mtu atauliza: Kiswahili cha nini, nasi tunafundishwa kwa Kiingereza tangu serikali ilipokata shauri hilo mwaka 2008? Jibu ni rahisi. Nchi yetu haina bahari. Bidhaa nyingi zitokazo ng'ambo hushushwa Dar es Salaam, kisha husafiri karibu kilomita 1,500 kwa barabara mpaka Kigali, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama na mpaka wa Rusumo kwenye mto Akagera. Nyingine hutoka Mombasa kwa njia ya Uganda. Njia yote hiyo dereva, utingo, askari wa mizani na karani wa forodha huweza kuelewana kwa Kiswahili. Mwaka 2007 Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha rasmi za nchi yetu. Tena huna haja ya kwenda mbali: teremka tu kutoka kilima chetu mpaka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, usikilize.

Yaliyonifanya niandike habari hii ni mambo yaliyompata kaka yangu. Alipomaliza masomo alifanya kazi miaka miwili kwa muuza mbao katika Agakiriro, akiandika hesabu ya mbao zinazoingia na zinazotoka. Biashara ile ilipodhoofika alipunguzwa. Nyumbani sisi ni watoto wanne, mama huuza mboga, na ada yangu ya mwaka huu ilimtegemea yeye. Akasikia kwamba kampuni moja ya kusafirisha mizigo yatafuta karani wa bohari ajuaye Kiswahili. Akaenda kwa rafiki yake mmoja, akaandikiwa ukurasa mzima wa Kiswahili kizuri, akaukariri kama sala.

Siku ya usaili mwenye kampuni, mzee wa Kitanzania, alimkaribisha kwa upole: "Karibu kijana, habari za nyumbani?" Kaka yangu hakujibu habari za nyumbani. Alianza: "Jina langu ni fulani, nimezaliwa Kigali," akausoma ukurasa wake kichwani mpaka mwisho. Mzee akamsikiliza, kisha akamwuliza: "Lori likikwama mizani siku tatu, na mwenye mali anapiga simu kila saa, utamwambia nini?" Kaka alilijua neno mizani, maana nasi twasema umunzani, lakini alidhani ni ile mizani ya dukani ya kupimia sukari. Akashangaa lori linawezaje kukwama hapo. Alinyamaza, halafu akajibu, "Ndiyo, Mzee." Yule mzee akamwambia neno ambalo hatulisahau mpaka leo: "Kiswahili chako ni kizuri ukisema peke yako. Lakini kazi hii ni ya kusema na watu."

Alirudi nyumbani kwa miguu, hakula. Kwa kuwa mimi nasoma somo la Kiswahili, nilijiona nina deni. Likizo ile yote, kila jioni, tulikaa katika benchi nje ya nyumba, mimi nikiwa mwajiri naye akiwa mwombaji. Haya ndiyo tuliyojifunza, na ndiyo ninayowapa ninyi.

Kwanza, salamu. Mswahili haanzi shauri kabla ya kujuliana hali. Ukimkuta mtu mzima, hasa Mtanzania, sema "Shikamoo," naye atajibu "Marahaba." Kwa Mkenya wa bara "Habari ya asubuhi" yatosha. Ukiulizwa habari za nyumbani, za safari au za kazi, jibu "Nzuri" au "Njema," nawe umwulize zake. Usione kwamba muda unapotea. Hapo ndipo sikio lako linapoizoea sauti yake kabla maswali hayajaanza.

Pili, heshima. Katika Kinyarwanda tukizungumza na mkubwa twatumia wingi, twamwambia "Mwaramutse," wala si "Waramutse." Ukileta desturi hiyo katika Kiswahili, ukamwambia mtu mmoja "Ninyi mnataka nifanye nini?" atageuka kutazama nani yuko nyuma yake. Katika Kiswahili cha sanifu heshima huwekwa mahali pengine: katika kuita Mzee, Bwana, Mama au Dada kwa kadiri ya umri, na katika maneno kama "naomba," "tafadhali" na "samahani." Tena sisi twafundishwa kusema kwa sauti ya chini mbele ya wakubwa. Ni adabu njema, walakini mwajiri asiyekusikia atadhani hujui. Sema polepole, ila usikike.

Tatu, herufi r na l. Wengi wetu hatuzitofautishi, kwa sababu katika lugha yetu kuzibadilisha hakuharibu maana. Katika Kiswahili kunaharibu. Mahali ni pale mtu alipo. Mahari ni mali ya kuolea. Kalamu ni ya kuandikia. Karamu ni ya kula na kunywa. Kula ni kutia chakula kinywani. Kura hupigwa siku ya uchaguzi. Andika maneno kumi ya namna hii katika karatasi, uyasome kwa sauti kila siku, na mwenzako asikilize akiwa amekupa kisogo, aseme amesikia lipi.

Nne, maneno yanayofanana lakini si ndugu. Kinyarwanda na Kiswahili ni watoto wa ukoo mmoja. Umuntu ni mtu, akazi ni kazi, abantu babiri ni watu wawili. Kwa hiyo twajifunza upesi kuliko Mzungu. Lakini undugu huo una mitego. Kwetu kwiga ni kujifunza; katika Kiswahili kuiga ni kufuatisha anayofanya mwingine. Ukisema "Niliiga hesabu shuleni," mwajiri aweza kufikiri ulikuwa unatazama daftari la jirani. Sema "Nilijifunza hesabu." Kwetu guteka ni kupika, katika Kiswahili kuteka ni kuchota maji, au kumvamia mtu njiani na kumchukua kwa nguvu. Mtu anayeomba kazi katika kampuni ya malori, naye atangaza kwamba aliwahi kuteka, amejifukuza mwenyewe. Na kwetu kujya ni kwenda, hali katika Kiswahili kuja ni kinyume chake. Ukiwa Kigali usiseme "Nitakuja Rusumo kesho"; sema "Nitakwenda."

Tano, jana na kesho. Kwetu neno ejo ni la siku zote mbili, iliyopita na ijayo, na msikilizaji hutambua kwa maneno yaliyobaki. Kiswahili hutenganisha. Kaka yangu alikuwa akisema "Lori lilifika kesho" bila ya kujisikia. Dawa yake ilikuwa hii: kila jioni alinieleza mambo matatu aliyoyafanya jana na matatu atakayoyafanya kesho, mpaka ulimi ukazoea.

Sita, hesabu. Hapa ndipo karani anapofia. Kinyarwanda huhesabu makumi kwa utaratibu ulio wazi: mirongo itatu, mirongo inani. Kiswahili kimechukua majina ya makumi kutoka Kiarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini. Thelathini na themanini zafanana katika sikio la mgeni, lakini mifuko 30 ya saruji si mifuko 80, na tofauti hiyo itakatwa katika mshahara wako. Jizoeze kutajiwa namba na kuziandika upesi. Ukiwa na shaka, irudie tarakimu moja moja: "Themanini, yaani nane na sifuri?" Hakuna atakayekucheka, huo ndio uangalifu ambao mwajiri anautafuta.

Saba, maneno ya kazi yenyewe. Hili lilimwangusha kaka yangu kuliko yote. Kabla ya usaili, nenda mahali kazi hiyo inapofanyika, ukasikilize watu wanasema nini. Sisi tulikwenda mahali malori yanaposhusha mizigo, tukawauliza madereva kwa heshima. Tulirudi na maneno mengi katika daftari: kontena, shehena, forodha, ushuru, wakala, bohari, hati, utingo, na mizani ile ambayo lori zima hupanda ili lipimwe uzito. Anayeomba kazi ya hoteli atafute maneno ya hoteli; anayeomba ya duka la dawa, vivyo hivyo.

Nane, usikariri hotuba. Kariri mambo, si maneno. Kaka yangu aliandika mambo matano tu kwa mkato: alikosoma, alikofanya kazi, kazi ngumu aliyowahi kuimaliza, kosa alilowahi kulifanya na alivyolisahihisha, na sababu ya kuitaka kazi hii. Kila jioni aliyaeleza kwa maneno mengine, nami nilimkatiza makusudi kwa swali. Mwanzoni alikasirika. Baadaye alizoea, kwa sababu mtu anayejua jambo lake hawezi kupotea akikatizwa, bali anayefuata maneno, likipotea moja hupotea yote.

Tisa, na hili ndilo kubwa: usijibu usichokielewa. Neno "ndiyo" lisilo na maana ni baya kuliko kunyamaza. Yafaa kuwa na sentensi tatu mkononi kama mwenye kiberiti usiku: "Samahani Mzee, neno hilo sikulipata. Tafadhali rudia." Ya pili: "Je, una maana kwamba lori limechelewa njiani?" Ya tatu: "Naomba nifikiri kidogo kabla ya kujibu." Mwenye sentensi hizi tatu hawezi kushindwa kabisa na swali lolote.

Mwisho, usiseme uongo juu ya Kiswahili chako. Ukiulizwa kama wakijua vizuri, usijisifu, wala usijidharau kama ilivyo desturi yetu. Sema kweli: "Nimejifunza, naelewa mengi, na nisilolielewa huuliza." Kwa habari ya mshahara, uliza mapema kazi kama hiyo hulipwa kiasi gani, ili ukiulizwa uwe na jibu lenye kiasi.

Basi, wiki tano baada ya kushindwa, kaka yangu aliitwa na kampuni nyingine. Nilimsindikiza, nikangoja nje chini ya mti kama saa nzima. Alipotoka alinisimulia yote. Alisalimu, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Alitajiwa namba kumi, akaziandika zote sawasawa. Aliulizwa neno asilolijua, akasema, "Samahani, neno hilo sikulipata," akaelezwa, akajibu. Hata hivyo kosa halikukosekana. Alipotaka kuandika alisema, "Naomba karamu." Mama aliyekuwa akimsaili alicheka, akamwambia, "Karamu tutaifanya ukifaulu, mwanangu. Kwa sasa chukua kalamu." Naye akacheka pamoja naye, akalirudia neno vizuri, wakaendelea. Katika usaili wa kwanza kosa kama lile lingemfunga kinywa.

Alipewa kazi ya majaribio kwa miezi mitatu. Majaribio bado hayajakwisha, wala hatujui watasema nini mwisho wake. Lakini mshahara wa mwezi wa kwanza ulilipa ada yangu, na kwa ajili hiyo nimekaa darasani nikiandika maneno haya badala ya kukaa nyumbani.

Wenzangu, msingoje tangazo la kazi ndipo mfungue daftari la Kiswahili. Tafuteni mwenzenu mmoja, kaeni naye jioni, mmoja awe mwajiri na mwingine mwombaji, halafu mbadilishane. Msioneane haya. Kosa mlifanyalo katika benchi la shule halina gharama. Nawatakieni heri.

Mwanafunzi wa kidato cha sita