Kilo 18 za Maji

Awasi, magharibi mwa Kenya, ipo kati ya malighafi mbili. Upande wa Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical and Food imekuwa ikitengeneza ethanoli kwa molasi ya miwa tangu miaka ya 1980. Upande wa Ziwa Victoria, mbuta akishatolewa minofu huacha mafuta mengi, na mafuta yaliyokaangiwa mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki, mara nyingi huwa yamejaa asidi huru. Ukiyatia soda kali ili upate dizeli, chombo hutoa povu na mafuta yakaganda kuwa sabuni. Ndiyo maana asidi za mafuta huunganishwa na pombe kwa njia nyingine, na zao lake ni esta: mafuta ya injini, vilainishi vya mitambo, hata vidonge vingi vya omega-3.

Kilo 282 za asidi oleiki na kilo 46 za ethanoli hutoa kilo 310 za esta na kilo 18 za maji. Hayo maji kidogo ndiyo yanayosumbua, kwani huivunja esta na kuirudisha ilikotoka. Berthelot na Péan de Saint-Gilles walilipima jambo hili Ufaransa mwaka 1862 kwa asidi ya siki na ethanoli: mmenyuko ulikwama kwenye theluthi mbili hivi.

Kiwanda kinachozalisha mfululizo huyaondoa maji yakiwa bado mvuke. Asidi ya moto, zaidi ya nyuzi 100, huingizwa juu ya mnara na kushuka sahani baada ya sahani, ikipita kwenye punje za kichocheo. Mvuke wa ethanoli huingizwa chini na kupanda. Uzuri wa mpango huu uko chini kabisa: asidi chache zilizobaki hukutana na pombe kavu kuliko yote mnarani, kwa hiyo hazina pa kukwama. Esta hutoka chini usiku na mchana. Maji na ethanoli iliyozidi hutokea juu.

Ethanoli hiyo lazima irudishwe kazini, na hapo ndipo pagumu. Kuichemsha na kuupoza mvuke wake hufikia asilimia 95.6 tu, kisha maji yaliyobaki hupanda nayo sawia. Kuyaondoa maji hayo kunahitaji zeolaiti, punje zenye vitundu vinavyopokea maji na kuizuia ethanoli. Methanoli haina tatizo hili, na hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda vingi kuipendelea, ingawa hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia wala si kwa miwa.

Mnara hautaki kusimamasimama, na mafuta ya samaki hayaji kwa kipimo kimoja kila siku. Kwa hiyo anayefikiria kuwekeza huku kwetu asianze kwa kununua mnara. Anunue kwanza mtambo wa kukausha ethanoli, apime asidi ya kila pipa la mafuta linaloingia, na apike kwa mikupuo mpaka awe na uhakika wa malighafi.