Yadi sita, vikwembe vitatu

Wamama, mukinunua wax sokoni, munajua hesabu: yadi 6 zinatoa vikwembe vitatu, kila kimoja yadi 2. Hesabu hiyo ni ya zamani kuliko Kisangani yenyewe.

Wazee wa msitu wetu walivaa maganda ya miti yaliyopondwa mpaka yakawa laini, pamoja na nguo za nyuzi za mitende. Katika karne ya 19 misafara ya Zanzibar ikaleta nguo ya pamba mpaka kwenye mto. Waliipima kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono 4 ilifanya shuka moja, karibu yadi 2, na shuka mbili zilifanya doti. (Mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi wapimiane, mutaona kelele! Darasani kwangu ni kicheko kila mwaka.)

Nguo iliyopendwa zaidi ilikuwa merikani, nyeupe na nzito, iliyotoka Marekani. Vita ya kule ya 1861 ilipokatiza pamba, viwanda vya Uingereza na vya Uhindi vikachukua soko, lakini jina likabaki. Kaniki, nyeusi ya rangi ya nili, ilikuwa bei rahisi. Kule pwani ndiyo ilivaliwa na watumwa. Hapa kwetu, Tippu Tip alipokuwa gavana wa Stanley Falls tangu 1887, watu wake walijiita wangwana, maana yake watu huru, na kanzu yao ndefu ilisema hivyo mbele ya mdomo.

Wanawake wa pwani hawakungoja. Waliunganisha leso za rangi kwa sindano, na kutoka hapo ikazaliwa kanga. Utumwa ulipokatazwa Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliacha kaniki na kujifunga kanga, ili mtu asiwatambue tena kwa nguo.

Ndiyo sababu uniforme ya tarehe 8 Machi inanisumbua. Kila mwaka kuna mama anayebaki nyumbani kwa sababu hana pesa ya yadi 6. Mimi naona kikwembe kimoja kinatosha, kwa juu kila mmoja avae blauzi yake. Wanaokubali kugawana yadi 6 watu watatu, wamwambie mweka hazina mbele hatujaagiza.