Gundi Ifaayo kwa Plastiki ya Akriliki

Mfugaji wa kuku, huenda mashine yako ya kuangulia vifaranga ina kidirisha cha plastiki ngumu, ing'aayo kama kioo. Plastiki hiyo yaitwa akriliki. Kidirisha kikipasuka, joto na unyevu hutoka. Mayai ya kuku hukaa mashineni siku 21, na ufa ulioachwa waweza kukutia hasara ya mayai yote.

Usikimbilie dukani kununua gundi yo yote. Ijue plastiki kwanza. Vunja kipande kidogo ukitie majini. Plastiki ya mtungi wa maji huelea, akriliki huzama. Ile inayoelea haishikwi na gundi za kawaida, basi usipoteze fedha zako. Bomba la PVC nalo huzama, lakini lina gundi yake.

Kwa akriliki kuna gundi tatu:

1. Gundi ya kuyeyusha, iliyoandikwa kuwa ni ya akriliki. Hulainisha pande zote mbili, nazo zikikauka huwa kitu kimoja. Hii ndiyo bora, ila ile nyepesi kama maji haizibi pengo.

2. Epoksi, gundi ya mirija miwili ya kuchanganywa. Huziba pengo, lakini haishiki akriliki kwa nguvu kama ile ya kwanza.

3. Supaglu. Hushika upesi, lakini huweza kuacha ukungu mweupe, na kiungo huvunjika kikigongwa.

Unaponunua, soma maandishi ya chupa na tarehe ya mwisho. Kama gundi imeanza kuganda, iache. Chagua chupa ndogo, kwa maana ikisha kufunguliwa hukauka.

Fanya kazi kabla ya kutia mayai. Ondoa kidirisha, ukioshe kwa maji na sabuni, ukikaushe. Usikifute kwa petroli wala spiriti, kwani huleta nyufa nyingine. Kata kiraka cha akriliki kilicho bapa, ukibandike juu ya ufa, ukikandamize kidogo mpaka kishike.

Mvuke wa gundi hizi ni hatari, na nyingine hushika moto. Fanya kazi nje penye upepo, mbali na jiko na watoto. Ngoja siku nzima, na harufu ikiisha ndipo urudishe kidirisha mahali pake.

Kumbuka: bei ya gundi ni ndogo kuliko bei ya mayai yaliyoharibika.