Je, Wajua? Vizazi vya Mtandao wa Simu

Je, wajua kwamba kizazi cha kwanza cha mtandao wa simu, kilichozinduliwa Tokyo mwaka 1979, kiliwahudumia watu waliokuwa ndani ya magari, na kwamba sauti za kizazi hicho, zikipita hewani bila ya sitara, ziliweza kudukizwa na yeyote mwenye redio ya kunasa masafa yale? Ila hiyo ilitibiwa na kizazi cha pili, kilichoanza Ufini mwaka 1991, ambacho kiliigeuza sauti kuwa tarakimu zilizofungwa kwa siri, kikaleta na ujumbe mfupi. Na juu ya msingi huo ndipo M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliposimama nchini Kenya mwaka 2007. Cha tatu kilianza Japani mwaka 2001, cha nne Stockholm na Oslo mwaka 2009, na cha tano kikaenea tangu 2019.

Lakini mawimbi ya masafa ya juu yatumiwayo na vizazi vipya, yabebayo habari nyingi zaidi, hayafiki mbali, na hata kuta huyadhoofisha. Hivyo minara haina budi kukaribiana, gharama iliyo nzito kwa vijiji vilivyotawanyika. Basi, ewe msomaji, kabla ya kununua simu ya kizazi kipya, ulizia kwanza mnara wa mtaani kwako unatoa kizazi gani.